Donge la Nywele za Jirani

Serikali ilipotuhamishia kijiji kipya, nyumba zilipangwa kwa mistari, na mlango wetu ukatazamana na mlango wa mwanamke tusiyemjua. Kati ya milango hiyo palikuwa na hatua kumi na nne. Nilizihesabu mara nyingi, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuhesabu vitu badala ya kusema. Zamani tuliishi peke yetu nyuma ya kilima, na mgeni alitangazwa na mbwa muda mrefu kabla hajafika. Sasa mtu akikohoa nyumba ya tatu, tulijua amekohoa mara ngapi.

Watu walilalamika juu ya mengi. Mashamba ya zamani yalikuwa mbali, maji hayakutosha, na upepo ulipita katikati ya mistari ya nyumba kana kwamba tumeuchimbia mfereji. Wanawake walikuwa na lalamiko lao jingine ambalo hawakulipeleka mkutanoni. Hawakuwa na watu wa kuwasuka.

Kwetu mtu hakumpa kichwa chake mtu asiye wake. Ulisukwa na dada yako, au na mama yako, au na wifi uliyekaa naye miaka ukamjua. Nywele zilizotoka kwenye chanuo hazikutupwa. Msusi alizikusanya moja moja, akazivingirisha kuwa donge dogo, na alipomaliza kazi alikukabidhi mkononi, nawe ukaenda kulichoma kwenye jiko lako mwenyewe. Hakuna aliyekueleza kwa nini. Ukiuliza uliambiwa tu kwamba nywele za mtu zikikaa kwa mwingine, mwenye nywele hapati usingizi, yeye au watoto wake. Sasa dada wa huyu alipelekwa kijiji hiki, wifi wa yule akapelekwa kile, na kila mwanamke akajikuta amezungukwa na mikono asiyoijua. Kwa hiyo walifunga vitambaa. Mwaka wa kwanza, shamba la kijiji lilijaa vitambaa vitupu, na kiongozi mmoja aliyekuja kututembelea kutoka Sumbawanga mjini akawasifu wanawake wetu kwa usafi.

Mama alikuwa akisukwa na dada yake, na dada yake alikuwa sasa upande wa Mpui, mwendo wa nusu siku. Mimi nilikuwa bado shuleni, na shuleni tulinyolewa kwa wembe kila nywele zilipoanza kushikika. Nilikuwa nimejifunza kusuka kwenye mahindi mabichi, kwenye yale manyoya mekundu yanayotoka kichwani mwa gunzi. Mama alisema mtoto mwenye kichwa cha wembe hawezi kujua kichwa cha mtu mzima kinaumia wapi. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisisomwe miongoni mwa waliochaguliwa kuendelea, niliacha nywele zikue. Zilipofika urefu wa kucha, mama alifungua kitambaa chake, akakaa mbele yangu, akasema, "Haya. Lakini ukinivuta nitakuzaba."

Sikumvuta. Nilikuwa na mkono mzuri, nami nilijua, ingawa si jambo ambalo ningelisema. Nililoweka nywele kwanza kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta ya mbarika, nikaanza kuchana kutoka nchani kwenda juu, huku nimeshika shina kwa vidole ili maumivu yaishie mkononi mwangu yasifike kichwani mwake. Njia niligawa kwa pembe ya chanuo. Mama alisinzia. Tangu siku ile alikwenda shambani bila kitambaa, na wanawake wakamtazama kichwa kama watu wanaotazama sufuria ya jirani.

Mwanamke wa mlango wa mbele alitazama kuliko wote. Alikuwa mtu wa bondeni, wa upande wa Mtowisa, aliyeolewa huku juu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Mumewe alikuwa na kazi ya kubeba mizigo kwenye bandari ya Kasanga, na alionekana kwa nadra. Alisema kwa sauti kubwa, alicheka kwa sauti kubwa, na alitukana baridi ya Ufipa kila asubuhi akifungua mlango. "Huku kwenu," alimwambia mama, "hata chawa wanahama."

Mara mbili alimwomba mama anitume nikamsuke. Mara ya kwanza mama alisema nina kazi. Mara ya pili alisema nina kidole kibovu, nami nikalazimika kufunga kidole kitambaa siku tatu. Ndani ya nyumba aliniambia ukweli. "Tunalima nao pamoja, tunateka maji pamoja, mahindi tunaweka ghala moja. Sawa. Lakini kichwa cha mtu si shamba la kijiji. Usiguse."

Jumapili moja mama alikuwa kwa dada yake, alikokwenda tangu jana yake. Nilikuwa nafagia uwanja wakati jirani aliponiita kutoka mlangoni kwake.

"Wewe mwenye kidole. Kimepona?"

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Nimeuliza kidole."

"Kimepona."

"Basi njoo. Uzi ninao."

Uzi mweusi ulikuwa umeadimika wakati ule. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na mipini ya majembe. Yeye alikuwa ameupata mjini, kwa mfanyabiashara mmoja aliyeuficha chini ya meza. Lakini si uzi ulionipeleka. Nilikwenda kwa sababu kukataa kunahitaji maneno mengi kuliko kukubali, na mimi maneno sikuwa nayo.

Alikaa kwenye mkeka, mtoto amelala mapajani mwake. Alipofungua kitambaa niliona kazi iliyokuwa ikinisubiri. Nywele zake zilikuwa nyingi, nzito, zimesokotana kisogoni zikawa kama tabaka la sufi iliyokanyagwa. Alikuwa amezipaka samli kama wafanyavyo watu wa bondeni wenye ng'ombe, na samli ilikuwa imeshika vumbi. Nilitumia maji vyungu viwili. Nyuma ya sikio alikuwa na kovu la moto, ukubwa wa kifungo cha koti, mahali pasipoota kitu. Kidole changu kilipofika pale alisema, "Hapo zunguka," nami nikazunguka.

Aliongea muda wote. Aliongea juu ya mpunga wa kwao, joto la kwao, barabara ya kuteremka kwao ambayo gari likishuka abiria huomba na dereva huomba. Hakuhitaji kujibiwa, na hilo lilinipa raha. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilifunga uzi kuanzia shinani, nikauzungusha kwa kukaza kidogo kidogo hadi nchani, fungu moja, fungu la pili, na nywele zilizotoka nikaziweka kwenye paja langu, kisha nikazivingirisha. Lilikuwa donge kubwa, karibu ukubwa wa yai la kuku, kwa sababu kichwa kile kilikuwa hakijachanwa ipasavyo kwa miezi.

Nilikuwa nimefunga fungu la mwisho wakati chuma kilipogongwa kuita mkutano. Mkutanoni majina yalisomwa, na aliyechelewa alipangiwa kazi. Jirani aliinuka mara moja, akamtia mtoto mgongoni, akajipapasa kichwa kwa viganja viwili, akacheka, akaniambia, "Mkono wako ni dawa," na akatoka. Mimi nilibaki nimesimama na donge mkononi.

Nilipaswa kumwita. Alikuwa bado hajafika hata kwenye nyumba ya pili. Lakini njia ilikuwa imejaa watu wanaokwenda mkutanoni, na ili anisikie ningelazimika kupaza sauti, na kila kichwa kingegeuka. Nikasema nitampa akirudi. Aliporudi, mama naye alikuwa amerudi, amekaa mlangoni anatoa miiba miguuni. Nikasema nitampa kesho. Donge nililifunga kwenye pindo la khanga yangu.

Jumatatu tulikuwa shamba la kijiji, yeye mstari wa mbali pamoja na wanawake wenye watoto. Nilikuwa nikipiga matuta huku pindo likinigonga nyonga kila nilipoinama. Jioni nililihamishia kwenye ufa wa ukuta. Halafu nikaona panya wanaweza kulichukua, nikalitia ndani ya daftari langu la zamani la hesabu. Daftari likakataa kufunga. Nikalipeleka chini ya mtungi wa maji, nikakumbuka kwamba maji huoza kila kitu, nikalirudisha kwenye khanga. Usiku nililala juu yake.

Nilifikiri kulichoma. Lakini nikilichoma kwenye jiko letu, nywele za mtu zitakuwa zimechomwa kwenye jiko la mwingine, na hilo niliona ni baya zaidi. Na nani angeshuhudia kwamba nimelichoma lote? Nilifikiri pia kumwambia mama. Nikajaribu hata kuanza.

"Mama."

"Nini?"

"Maji yamechemka."

Jumatano mtoto wa jirani aliamka na homa.

Nilimsikia akilia kabla jua halijatoka, kilio kile cha mtoto anayelia bila nguvu. Asubuhi jirani alimfunga mgongoni akaenda zahanati, na alipopita mbele ya mlango wetu hakutukana baridi. Alinitazama. Hakutazama uso wangu, alitazama mikono.

Alhamisi nilikwenda kisimani. Walikuwapo wanawake watatu mbele yangu, na mmoja wao, mama mnene aliyekuwa akiongoza kwaya kanisani, alisema bila kugeuka, kana kwamba anazungumza na ndoo yake, "Nasikia kuna nywele hazijarudi kwa mwenyewe."

"Labda zimechukuliwa na upepo," mwingine akasema. "Upepo wa huku uliiba kofia ya katibu mchana kweupe."

"Upepo hauna mfuko."

Walicheka kidogo, hakuna aliyegeuka, na nikajua wote watatu wanajua nimesimama nyuma yao.

"Wewe binti," yule wa kwaya akasema, "kichwa cha jirani yenu kikoje? Ana nywele nyingi?"

Donge lilikuwa pale pale, kwenye pindo, upande wa kushoto. Nilijaza ndoo yangu mpaka ikafurika, maji yakanilowesha miguu, na nilipojitwika kichwani nusu yake ikamwagika njiani.

Sasa nilijua jambo lenyewe lilivyo. Mtoto akizidiwa, watu hawatasema ni mimi. Msichana wa umri wangu hana akili ya kufanya jambo kama lile peke yake. Watasema ametumwa na mama yake. Watakumbuka mama alivyomkatalia jirani mara mbili, watakumbuka kidole, watakumbuka kwamba mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kutembea bila kitambaa. Katika kijiji cha mistari, nyumba haiwezi kusogea. Ukichukiwa, unachukiwa hapo hapo ulipo, asubuhi na jioni, hatua kumi na nne.

Ijumaa jirani alirudi kutoka zahanati akiwa na dawa kwenye karatasi. Mtoto alikuwa bado na homa. Jumamosi, mama alipokwenda kusaga, nilivuka.

"Hodi."

"Karibu." Alikuwa ameinama karibu na jiko, anamfuta mtoto kwa kitambaa kibichi. Aliponiona alinyooka. "Aa. Ni wewe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilifungua pindo. Fundo likakataa, nikalifungua kwa meno. Nikamnyooshea donge kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatatu, na yote yalikuwa yamekwisha.

Hakulipokea upesi. Kisha alilichukua, akaenda nalo mlangoni penye mwanga, akalifungua kwa vidole taratibu kama mtu anayechambua mchele.

"Ni zangu," alisema. "Zote?"

"Zote."

"Unajuaje? Ulizihesabu?"

"Hapana."

"Mtu anayehesabu hatua za mlango wangu kila siku, midomo inamcheza, hahesabu nywele?"

Nilitazama chini. Sikuwa nimejua kwamba midomo yangu inacheza.

"Mama yako anajua unazo?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

"Hakuna."

"Siku sita. Ulikuwa unazifanyia nini siku sita?"

"Nilikuwa nazificha."

"Zisionwe na nani?"

"Na wewe."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilianza kwa nguvu kikakauka kabla ya kufika mwisho. Akalitupa donge jikoni. Lilisinyaa, likatoa harufu ile ya nywele na samli, na sote wawili tulisimama tukilitazama mpaka likaisha. Mtoto alikohoa. Jirani alimgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, akaondoa mkono, akaurudisha tena.

"Kaa," aliniambia. "Fungua kichwa."

Nilikaa. Alichukua chanuo lake, akaanza. Mikono yake haikuwa kama yangu. Alichana kwa haraka, njia aligawa kwa ukucha, na kila baada ya msuko mmoja aliniacha akaenda kumgusa mtoto, akarudi na vidole vyenye joto. Alinisuka mistari iliyolala upande, kama wasukavyo kwao, kutoka sikio hili kwenda lile. Hakusema neno, na ukimya wake ulinisumbua kuliko kelele za mtu yeyote. Alipomaliza alikusanya nywele zangu zilizotoka. Zilikuwa chache, donge lisilozidi punje ya hindi. Nilinyoosha mkono nipokee. Yeye akalifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Ulikaa na zangu siku sita," alisema. "Na zako zitakaa kwangu siku sita. Halafu tutaonana."

Mama aliporudi na unga hakuhitaji kuambiwa. Alisimama mlangoni, akatazama mistari ile iliyolala upande. "Huo mkono si wa huku," alisema. Nikamweleza yote. Nadhani sikuwa nimewahi kusema maneno mengi namna ile kwa mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akatua kapu la unga, akajifunga khanga ya pili kiunoni. "Nazifuata sasa hivi."

Nilimtazama akivuka na kuingia. Nilisubiri kelele. Hazikuja. Alikaa muda mrefu, kisha akatoka na mtungi wa jirani, akaenda kisimani, akarudi umejaa, akaingia tena. Aliporudi nyumbani alikuwa amelowa bega.

"Amekupa?"

"Mtoto anachemka," mama alisema. "Amemshika tangu jana, maji hana, kuni hana. Ningesemaje mambo ya nywele?"

Jumapili alikwenda tena kudai. Akampikia uji. Jumatatu alikwenda kudai, akamshikia mtoto ili mwenzake apate kulala. Kila alipoondoka alijifunga khanga ya pili kama mtu anayekwenda ugomvini, na kila aliporudi alikuwa ameshika sufuria ya mtu au nepi ya mtu. Mimi nilikuwa siwezi kukaa. Nilianza kufagia nikaacha, nilianza kupepeta nikaacha. Usiku nililala kwa mashaka, nikisubiri kuona kama kweli mtu ambaye nywele zake ziko kwa mwingine hapati usingizi, na bila shaka kwa kusubiri hivyo sikuupata.

Jumanne homa ilishuka. Jumatano mtoto alikaa mlangoni, amekonda, akala kipande cha kiazi. Hatukumwuliza jirani alitumia dawa ipi, ya karatasi au nyingine. Mama alisema tu, "Mtoto ni mgumu yule," kwa sauti ya kusifu.

Siku ya sita ilikuwa Ijumaa. Jirani alikuja mapema, kabla sijachota maji. Alifungua pindo, akanikabidhi kile kidonge changu kwa mkono wa kulia. Nilikwenda kukichoma. Mama alisimama nyuma yangu mpaka harufu ilipokwisha.

"Na wewe, jirani," yule mwanamke alisema kutoka mlangoni, "kichwa chako lini?"

"Changu kina msusi."

"Msusi wako mkono wake mzuri, lakini haongei. Kusukwa na mtu asiyeongea ni kama kuzikwa."

Mama alinitazama, akamtazama yeye. Nilidhani atataja kidole kingine kibovu.

"Jumapili," alisema.

Jumapili alibeba chanuo lake mwenyewe, mafuta yake mwenyewe, uzi wake mwenyewe, na kitambaa cheupe cha kutandika chini ili kila unywele uonekane. Nilikwenda naye. Alikaa shingo imekakamaa, macho pembeni, akifuata mikono ya jirani kila ilipokwenda, na jirani akaongea juu ya mpunga, barabara na mume wa Kasanga mpaka kazi ikaisha. Mama alipokea donge lake. Lakini hakuinuka. Aliokota unywele mmoja kwenye kitambaa, mwingine kwenye chanuo, akautazama mkeka huku na huko. Jirani alimwonyesha viganja vyote viwili, mbele na nyuma, vitupu. Kisha akamwinua mtoto wake aliyekuwa amelala kwenye mkeka, ili mama atazame na chini yake.